Kodi kwa matajiri wakubwa: watozwe wakiwa nayo, wakiuza, au wakifa?

Mama mmoja muuza mahamri aliinuka kwenye kikao cha maoni ya mswada wa fedha, karatasi ya leseni mkononi. Hotuba hakuwa nayo. Aliuliza swali moja tu: yeye hulipa leseni kila mwaka, apate asipate; ile nyumba yenye bwawa la kuogelea nyuma ya meza yake, ambayo mwenyewe huja wiki tatu za Disemba kisha akaondoka, hulipa nini, na humlipa nani? Watu wakacheka. Halafu wakanyamaza, maana hakuna aliyekuwa na jibu, hata mimi niliyekwenda pale na daftari na kalamu mbili.

Tangu siku hiyo, nikikaa barazani Lamu au nikiwa kwa dada yangu Malindi, mazungumzo hayo hayaishi. Kwamba matajiri wakubwa walipe zaidi, sijamsikia anayepinga. Ukiuliza walipe vipi, kila mtu ana kodi yake. Mmoja anataka kodi ya utajiri ya kila mwaka, kama aliyoisikia ikijadiliwa Ufaransa. Wa pili anasema ardhi ya ufuoni itozwe inavyostahili. Wa tatu, ambaye ni dalali, anasema mngojeni auze. Wa nne anasema mngojeni afe. Nimezilinganisha hizo nne kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda kikao kijacho na pendekezo la kuandikwa, asiishie kulalamika.

Kodi ya mapato nimeiacha nje kwa makusudi. Kenya, tangu Julai 2023, kile kinachozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35, na mwenye mshahara hana ujanja kwa sababu hukatwa kabla hajaushika. Lakini tajiri mkubwa haishi kwa mshahara. Mali yake hukua ikiwa imelala: kiwanja, hisa, kampuni. Mpaka aitoe, haihesabiwi kuwa mapato.

Mizani niliyotumia

Kila kodi nimeiuliza maswali matano. Inamgusa nani hasa? Mali yenyewe inapimikaje? Siku ya kulipa, mwenye mali ana pesa taslimu au ana kuta tu? Mlango wa nyuma uko wapi? Na nani anapokea?

Hilo la mwisho watu hulisahau. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimegawa: kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo na kodi ya burudani, na nyingine yoyote mpaka Bunge liidhinishe kwa sheria. Kwa hiyo ukimwendea mwakilishi wadi ukamdai kodi ya utajiri, umebisha hodi kwa jirani.

1. Kodi ya utajiri ya kila mwaka

Huku kwetu wazo hili si geni. Zaka ni nini kama si hili? Mali ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutozwa, ambacho kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na mwaka wa mwezi ukapita, hutolewa asilimia 2.5. Nyumba unayokaa haihesabiwi. Bidhaa za dukani huhesabiwa. Wanazuoni wameshazungumza kwa karne nyingi mambo ambayo wachumi wanayabishania leo: deni litolewe kwanza au la, kipi ni mali ya kukua na kipi ni ya matumizi. Tofauti ni kwamba zaka huanzia chini, kwa mtu wa kawaida mwenye akiba, na ina watu wake maalumu wa kuipokea. Kodi ya utajiri hulenga juu kabisa, na hapa hakuna anayedai moja ichukue nafasi ya nyingine.

*Inamgusa nani.* Kwa pendekezo linalosikika zaidi siku hizi, wachache sana. Mwanauchumi Mfaransa Gabriel Zucman aliliandikia kundi la mataifa makubwa kiuchumi, G20, mwaka 2024, Brazil ikiwa mwenyekiti, kwamba wenye zaidi ya dola bilioni moja walipe kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia 2 ya mali zao. Alikadiria ni watu kama 3,000 duniani, na kwamba zingepatikana dola bilioni 200 hadi 250 kwa mwaka. Barazani watu huchanganya hapa: bilionea wa dola si bilionea wa shilingi. Dola bilioni moja ni zaidi ya shilingi bilioni 100. Mwenye hoteli mbili Malindi hayumo.

*Kupima.* Hisa zinazouzwa sokoni zina bei ya kila siku. Kampuni ya familia haina, wala mchoro ukutani, wala jahazi. Kila mwaka lazima mtu akae akisie, na tajiri naye analeta mkadiriaji wake.

*Pesa taslimu.* Kwa bilionea halisi si tatizo kubwa. Kwa aliye na kampuni inayokua lakini haijagawa faida, ni tatizo la kweli.

*Mlango wa nyuma.* Mwaka 1990 nchi 12 za OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, zilikuwa na kodi hii. Kufikia 2017 zilibaki 4: Ufaransa, Norwe, Uhispania na Uswisi. Sweden iliifuta 2007. India iliifuta 2015 kwa sababu gharama ya kuikusanya ilikuwa kubwa na mapato machache, ikaongeza badala yake tozo kwa wenye mapato makubwa. Norwe ilipoipandisha 2022, baadhi ya matajiri wake walihamia Uswisi, na hapo huwa nacheka, maana kila jimbo la Uswisi lina kodi yake ya utajiri, ingawa nyepesi. Wanaoitetea hujibu kwamba nchi moja moja ndiyo huponyokwa. Zikishikana, tajiri hana pa kwenda. Ufaransa walijaribu pendekezo kama la Zucman mwaka 2025 kwa wenye zaidi ya yuro milioni 100: Bunge la Taifa likapitisha Februari, Seneti ikakataa Juni.

*Anayepokea.* Nairobi, baada ya sheria mpya ya Bunge. Leo Kenya haina kodi hii.

Inamfaa anayelenga utajiri wa karatasi, hisa na kampuni, na mwenye subira ya miaka.

2. Kodi ya ardhi ya kaunti

Hii nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ipo tayari, na utajiri unaoonekana kwetu ni wa mawe na chokaa. Waitaliano wa Malindi, wenye nyumba za Shela hapa Lamu na ng'ambo kisiwani Manda, wafanyabiashara wa Nairobi walionunua ufuoni: mali zao hazihamishiki kwa kompyuta.

*Inamgusa nani.* Kila mwenye kiwanja kilichosajiliwa, raia na mgeni. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu, lakini kuishika kwa ukodishaji hakumtoi kwenye kodi. Akae humo mwaka mzima au wiki tatu, ni sawa. Wasioguswa ni wale wasio na hatimiliki, nao pwani ni wengi mno, maana kiwanja kisicho kwenye rejista hakitozwi.

*Kupima.* Ukuta wa matumbawe haufichiki, lakini thamani yake hufichika vizuri sana ndani ya daftari la zamani. Kodi hukokotolewa kutokana na daftari la thamani la kaunti, na daftari likizeeka, kiwanja cha ufuoni kinaendelea kuhesabiwa kana kwamba bado ni minazi na mbuzi. Nairobi yenyewe ilitumia daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miaka 40. Ujerumani tatizo kama hilo liliua kodi nzima ya utajiri: nyumba zilikuwa zinahesabiwa kwa thamani za 1964 na hisa kwa bei za leo, Mahakama ya Katiba ikasema 1995 kwamba huko si kuwatendea watu sawa, na tangu 1997 kodi hiyo haijatozwa.

Kuna jambo jingine, na ndilo jibu nililokosa siku ile. Desturi ya Kenya kwa miaka mingi imekuwa kutoza thamani ya kiwanja bila kuhesabu jengo. Yaani bwawa la kuogelea halimo. Wanaopenda utaratibu huu wana hoja nzuri: humwadhibu anayelaza kiwanja akingoja bei ipande, na hamwadhibu anayejenga. Wasioupenda wanaona jumba na kibanda vilivyo kwenye viwanja vya ukubwa mmoja vikilipa sawa. Zote mbili ni kweli.

*Pesa taslimu.* Hapa nimsimulie mzee mmoja wa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu. Nyumba yake ni ya babu wa babu: daka lenye viti vya mawe pande mbili, mlango wa nakshi, zidaka ukutani zilizobaki na sahani tatu. Mgeni mmoja amemtajia bei ambayo mzee aliniomba nimwandikie kwa tarakimu, kisha kwa maneno, ili aiamini. Nikamwambia, kwa utani, kumbe wewe tajiri. Akaniinua, akanipandisha dari ya juu, akaigonga boriti moja kwa fimbo. Unga wa mchwa ukatumwagikia sote wawili. "Haya mwanangu," akasema, "utajiri ndio huo, chukua."

Ukimtoza mzee huyu asilimia moja tu ya bei ya soko, tuseme nyumba ni ya milioni 40, ni shilingi laki nne kwa mwaka. Hana. Atauza, na atakayenunua ni yule yule tajiri tuliyekuwa tukimfuata. Tiba zipo: kiwango cha msamaha, nafuu kwa nyumba ya kwanza anayokaa mwenyewe, au deni liahirishwe liandikwe juu ya nyumba mpaka siku itakapouzwa. Pendekezo lisilo na mojawapo ya hizi, mimi silitii saini.

*Mlango wa nyuma.* Kiwanja hakipandi ndege. Kinachoponyoka ni malimbikizo ya kodi: kaunti nchini hutangaza mara kwa mara misamaha ya faini kwa wanaodaiwa, na mwenye wakili mvumilivu hungoja msamaha ujao.

*Anayepokea.* Kaunti yenyewe. Ya Lamu ni ya Lamu. Ya Malindi huenda Kaunti ya Kilifi. Hili peke yake linaifanya ipendeze kwa anayetaka kuona mfereji umezibuliwa mtaani kwake.

Inamfaa anayetaka kitu cha kudai mwaka huu, na ambaye tajiri wake ni wa ufuoni. Tajiri wa hisa haimgusi hata ukucha.

3. Kodi ya faida ya mtaji: akiuza

*Inamgusa nani.* Anayeuza kwa faida. Kenya ilikuwa nayo ikaisimamisha 1985, ikairudisha Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Nyumba ambayo mtu ameishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza imesamehewa, na ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3 pia. Kwa hiyo mzee wetu wa Mkomani amesalimika hata akiuza.

*Kupima.* Bei ipo, imeandikwa kwenye mkataba. Swali ni kama iliyoandikwa ndiyo iliyolipwa. Yule dalali wa barazani husema kwa kicheko kwamba nyumba ya ufuoni ina bei mbili, ya shilingi na ya yuro, na kwamba zinaishi mabara tofauti.

*Pesa taslimu.* Hakuna kodi iliyo nyepesi kuliko hii kwa mlipaji: analipa siku ambayo mfuko umejaa.

*Mlango wa nyuma.* Asiuze. Tajiri mkubwa haoni haja. Hukopa benki kwa dhamana ya mali, akala mkopo, mali ikaendelea kupanda. Marekani wamefika mahali ambapo mtu akifa, faida ya miaka yote hiyo hufutwa kwa mrithi, hesabu ikaanza upya. Njia ya pili ni kuiweka nyumba chini ya kampuni, kisha kuuza kampuni, ikiwezekana ng'ambo. Nyumba haijauzwa, imebadilisha mabwana tu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilijaribu kuziba tundu hilo kwa kuzihesabu pia hisa ambazo thamani yake inatokana na ardhi iliyoko Kenya. Kujua kwamba hisa hizo zimeuzwa ni kazi nyingine.

*Anayepokea.* Hazina ya taifa, kupitia KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Inamfaa anayetaka kodi isiyomfukuza mtu nyumbani. Kwa anayetaka mapato ya kutegemea kila mwaka, hapana, kwa sababu soko likilala nayo imelala.

4. Kodi ya mirathi: akifa

Kenya iliifuta mwaka 1982, na ni wachache barazani wanaokumbuka kwamba ilikuwapo. Uingereza hutoza asilimia 40 kwa kinachozidi pauni 325,000, pamoja na nafuu mbalimbali. Afrika Kusini ni asilimia 20, na 25 kwa kinachozidi randi milioni 30.

*Inamgusa nani.* Warithi, na hapa hoja ya haki ina nguvu kuliko kote: mrithi hakuvuja jasho. Lakini kwetu mirathi ina mpangilio wake. Hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Na Katiba imewaachia Waislamu wanaokubali kwenda kwa kadhi mambo ya urithi. Kodi iingie wapi? Ikihesabiwa deni, hutoka kabla ya kila mtu, na mjane mwenye watoto, ambaye fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane, anapata thumuni ya kilichopunguzwa. Nimemuuliza mwalimu mmoja wa madrasa, akaniambia suala lenyewe si gumu kisheria, gumu ni kulisema msikitini.

*Kupima.* Rahisi kidogo, kwa kuwa mali huorodheshwa mahakamani hata hivyo. Tatizo la Lamu ni nyumba zisizogawanywa vizazi vitatu, zenye wenye mafungu arobaini, nusu yao Mombasa, wengine Uarabuni.

*Pesa taslimu.* Kama ile ya pili: urithi ukiwa kuta, lazima kuta ziuzwe. Kiwango cha msamaha kikiwa juu, familia za kawaida hazimo.

*Mlango wa nyuma.* Mpana. Zawadi kabla ya kufa, amana za familia (trust), na wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe. Wakfu wa msikiti au kisima hakuna wa kuugusa. Wakfu ulioandikwa kwa ajili ya kizazi cha mwenyewe ndio mawakili wangeufufua kwa kasi.

*Anayepokea.* Serikali ya kitaifa.

Inamfaa anayechukizwa na utajiri unaopita mkono hadi mkono katika ukoo mmoja, na aliye tayari kwa mabishano marefu ya dini na desturi.

Basi uchague ipi?

Ikiwa kikao unachokwenda ni cha kaunti, shika ya ardhi na usiguse nyingine, utapoteza dakika zako tatu. Uliza mambo matatu tu: daftari la thamani ni la mwaka gani, jengo linahesabiwa au kiwanja peke yake, na mwenye nyumba ya urithi asiye na kipato ana nafuu gani. Dai majibu yaandikwe.

Ikiwa unaandikia Bunge, faida ya mtaji ndiyo iliyo na mlango wazi, kwa kuwa sheria ipo na kinachohitajika ni kuziba matundu. Taja kampuni zinazoshika nyumba, usitaje majina ya watu.

Ikiwa hasira yako ni juu ya mabilionea wa dola, kodi ya ardhi ya Lamu haitakutuliza. Hapo ni kodi ya utajiri, na kazi yako ni kuuliza serikali yetu inapokaa na wenzake inapiga kura upande gani. Usitarajie fedha za mwaka huu.

Ikiwa tatizo kwako ni watoto kurithi visiwa huku wengine wakirithi madeni, mirathi ndiyo yenyewe, lakini zungumza na kadhi kabla ya kuzungumza na mbunge.

Mimi naegemea ya pili ikisaidiwa na ya tatu, kwa sababu nakaa mahali ambapo utajiri mkubwa una anwani na ukuta mweupe. Ningekuwa Nairobi, karibu na soko la hisa, pengine ningeandika kinyume.

Na ikiwa wewe mwenyewe ndiye mwenye nyumba ya urithi, usingoje sheria yoyote kati ya hizi ipite. Tafuta hatimiliki iko kabatini kwa nani, andika majina ya wenye mafungu wote wangali hai, na weka kumbukumbu ya miaka unayoishi humo. Kodi yoyote itakayokuja, nafuu yake itakutaka uonyeshe karatasi, na mchwa hawali boriti peke yake.